Nilivyofunga pampu ya upepo kwenye mashine yangu ya leza

Kwa miezi kadhaa nilikata plaiwudi ya milimita 3 kwa mashine ya leza ya kaboni dioksidi yenye wati 40 bila kupuliza upepo mahali panapokatwa, na kila kipande kilitoka na kingo nyeusi zilizochafua mikono ya mteja. Mara mbili moto uliwaka chini ya lenzi inayokusanya mwali wa leza, nikalazimika kusimamisha kazi na kuuzima.

Nilianza kwa kuunganisha kompresa ya kujazia matairi, na hapo nilikosea. Hapa Mombasa hewa ina unyevu mwingi, nayo ikishindiliwa kisha ikapoa hutoa maji. Matone hayo, pamoja na ukungu wa mafuta ya kompresa, yaliishia kwenye lenzi. Lenzi yenye doa hufyonza joto badala ya kulipitisha, na yangu ilipasuka. Anayetaka kutumia kompresa asikose kichujio cha maji na mafuta.

Kisha nilinunua pampu ndogo isiyotumia mafuta, inayotoa lita 30 kwa dakika, pamoja na mpira wake na pua ya kupulizia. Kufunga pampu ni kazi ya nusu saa. Kilichonichukua alasiri nzima ni kuhakikisha mwali unapita katikati ya tundu la pua, kwa sababu ukigusa ukuta wake nguvu hupotea na pua huchemka. Nilibandika karatasi ya gundi kwenye mdomo wa pua, nikapiga mwali mfupi, nikatazama alama, nikarekebisha vioo vinavyouelekeza mwali, na kurudia hivyo katika pembe zote nne za meza.

Sasa plaiwudi ileile hukatika kwa mpito mmoja badala ya miwili, na kingo zina rangi ya kahawia tu. Kwa akriliki, yaani plastiki ngumu, hata hivyo, upepo mkali huacha ukingo wenye ukungu mweupe, kwa hiyo niliongeza koki kwenye mpira: naifungua yote kwa mbao, naiminya sana kwa akriliki, lakini siifungi kabisa, kwani mvuke wa akriliki hushika moto. Nasikitika kwamba muuzaji hakuweka koki hiyo, kwa kuwa bila yake pampu hii ni nusu ya kifaa.

Feni ya kutolea moshi bado inahitajika. Lenzi, niliyokuwa nikiifuta kila siku, sasa naifuta mara moja kwa wiki.