Kozi ya bure ya falsafa ya siasa kutoka Yale: inamfaa nani, na inaishia wapi

Anayesoma nadharia ya siasa kama somo la pili ana kozi chache tu za kulielewa somo zima. Anaingia darasani akitoka kwenye uchumi, sheria au kompyuta, na mhadhiri anazungumza kana kwamba kila aliyeketi pale ameshamsoma Plato na Hobbes. Pengo hilo linazibwa vizuri na kozi ya Steven B. Smith, "Introduction to Political Philosophy" (PLSC 114), iliyorekodiwa chuoni Yale mwaka 2006 na kuwekwa kwenye tovuti ya Open Yale Courses. Ina mihadhara 24, kila mmoja chini ya saa moja, kwa video, sauti na maandishi kamili. Hailipishwi na haidai kujiandikisha. Cheti haitoi, na insha yako hakuna atakayeisahihisha.

Mpangilio wake ni wa moja kwa moja. Mihadhara 2 hadi 6 ni Plato, 7 hadi 9 Aristotle, 10 na 11 Machiavelli, 12 hadi 14 Hobbes, 15 hadi 17 Locke, 18 hadi 20 Rousseau, na 21 hadi 23 Tocqueville. Kinachoiunganisha yote ni swali la aina za utawala: nani atawale, kwa haki gani, na utawala huo unalea raia wa namna gani. Hilo ni zuri kwa mtu wa somo la pili, kwa sababu anapata uzi mmoja wa kushika badala ya wanafikra saba waliotawanyika.

Wengi huharibu kwa kusikiliza kabla ya kusoma. Smith anaeleza kwa ufasaha kiasi kwamba msikilizaji anaondoka akiamini ameelewa, kisha mtihani unamwekea aya moja ya matini na kumtaka aichambue, naye hana la kusema. Soma kwanza, sikiliza baadaye, halafu rudi kwenye matini na nakala ya maandishi ya mhadhara ikiwa wazi pembeni. Apologia na Kriton za Plato zinasomeka kwa mkao mmoja. Jamhuri yake, iliyogawanywa katika sehemu ziitwazo vitabu, haisomeki hivyo. Asiye na muda aanze na kitabu cha 1, ambamo mhusika Thrasymachus anadai kuwa haki ni maslahi ya mwenye nguvu, kisha cha 2 hadi cha 4, mwanzo wa cha 7 na chote cha 8. Kwa Leviathan, kitabu cha Hobbes cha mwaka 1651, sura za 13 hadi 18 na ile ya 21 zinatosha kuanzia. Sura ya 16 hurukwa sana, na ni hasara: ndipo Hobbes anapoeleza uwakilishi, na bila hiyo huwezi kusema kwa nini raia anahesabiwa kuwa ndiye mwenye matendo ya mtawala wake.

Kwa Locke, hebu tuione sura ya 5 ya Risala ya Pili, kitabu chake kuhusu serikali, kwa karibu. Kifungu cha 27 kinasema kila mtu anamiliki nafsi yake, hivyo akichanganya kazi yake na kitu kilichokuwa cha wote, kinakuwa chake, ilimradi wengine wamebakiziwa cha kutosha na kizuri vilevile. Kifungu cha 31 kinaongeza sharti la pili: usichukue zaidi ya unachoweza kutumia kabla hakijaoza. Wanafunzi wengi huishia hapo, wakaandika kwamba Locke anakataa ulimbikizaji. Lakini vifungu vya 46 hadi 50 vinaleta fedha. Dhahabu haiozi, kwa hiyo sharti la kuoza halimbani tena mwenye kulimbikiza, na kwa kukubali kutumia fedha watu wamekubali mali isiyo sawa. Insha inayoanza na kifungu cha 27 na kusahau cha 50 imemgeuza Locke kuwa mtu mwingine. Mhadhara wa 15 unapita hapo hapo. Usikilize ukiwa na vifungu hivyo mkononi.

Nukuu nazo zina utaratibu wake. Kwa Plato, taja namba za Stephanus, yaani namba za pembeni zitokanazo na chapa ya mwaka 1578 (mfano wa pango katika Jamhuri unaanza 514a). Kwa Aristotle, namba za Bekker, zinazofanya kazi hiyo hiyo. Kwa Locke, vifungu. Namba za kurasa hubadilika kutoka tafsiri moja hadi nyingine, na msomaji wako hataipata sentensi unayoitegemea.

Udhaifu wa kozi ni wa kweli. Inaruka kutoka Aristotle hadi Machiavelli, karibu karne 18, bila Augustine, al-Farabi wala Ibn Khaldun. Hakuna mwanamke hata mmoja kati ya wanaosomwa, ingawa Mary Wollstonecraft alichapisha utetezi wake wa haki za wanawake mwaka 1792. Matini zenyewe zinakoma kwa Tocqueville, mwaka 1840: Mill, Marx, Arendt na Rawls inabidi uwatafute mwenyewe. Kama kozi yako chuoni inahusu haki ya ugawaji (nani apate nini katika mali ya jamii) au ukoloni, hii itakupa msingi tu. Makala za Stanford Encyclopedia of Philosophy, nazo za bure, zinafaa kwa kuziba mapengo hayo, ila zisome baada ya matini.

Pia, Smith anawasoma wanafikra hawa kama wenye maswali ya kudumu. Wapo wanaopinga njia hiyo, mwanahistoria wa fikra za siasa Quentin Skinner akiwa mmoja wao, wakisisitiza mwandishi asomwe ndani ya mabishano ya wakati wake. Mhadhiri wako akiwa wa mkondo huo, usimpelekee maelezo ya Smith yalivyo.

Mwenye muda mfupi achukue mihadhara ya 2 hadi 4, 7, 10, 12 hadi 15, na 18 hadi 20. Atumie sauti badala ya video: picha haiongezi mengi, na faili la sauti ni dogo zaidi kupakua.