Samsung A06 au Redmi 14C? Nimezunguka wiki nzima, hii hapa niliyochukua na kwa nini

Mdogo wangu ni fundi cherehani Morogoro, anashona magauni ya sendoff, vitenge na sare za shughuli, na biashara yake nzima iko kwenye simu. Mteja anaona mshono kwenye status, anauliza bei, anatuma vipimo WhatsApp, hela ya kianzio inaingia kwa simu, ndo kitambaa kinakatwa. Sasa simu yake ya zamani ilikuwa na GB 32, kila asubuhi kazi ya kwanza ni kufuta mavideo ya magrupu ili apate nafasi ya kupiga picha mbili tatu, na mwezi uliopita kwenye kufuta futa huko akafuta na picha za daftari la vipimo vya mabibi harusi watatu. Akanipigia analia. Nikamwambia tulia mdogo wangu, mimi niko Dar, Kariakoo iko hapa, nitakutafutia.

Bajeti laki tatu na nusu, simu mpya, sitaki mtumba kwa sababu hana muda wa kwenda kwa fundi simu kila wiki. Baada ya kuuliza watu na kuzunguka zunguka nikabaki na mbili, Samsung Galaxy A06 na Redmi 14C, zote za 2024. Bahati nzuri mpangaji mwenzangu ana A06 akaniachia wikendi nzima, na shemeji yangu anayo 14C, nikamng'ang'ania mpaka akanipa siku mbili. Kwa hiyo haya sio ya kusoma kwenye boksi tu, nimezishika.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, hizi simu ndani ni kama ndugu. Prosesa, yaani ubongo wa simu, ya A06 ni Helio G85, ya 14C ni Helio G81 Ultra, zote za MediaTek, mpangilio ule ule wa kori mbili zenye nguvu na sita za kawaida. G85 ipo sokoni tangu 2020. Kwa hiyo muuzaji akikwambia hii ina spidi kuliko ile usimsikilize sana, kwa WhatsApp, Instagram, kutuma hela na kuangalia mavideo hutaona tofauti ya kukufanya ulipe zaidi. Zote ni 4G, zote zina alama ya kidole pembeni kwenye batani ya kuwashia, zote zina tundu la earphone na tundu la chaji la Type-C, zote unaweka laini mbili na memori kadi bila kuitoa laini moja. Hapo ngoma droo.

Angalia na majina vizuri maana kuna A06 5G na kuna 14C 5G pia, hizo ni simu nyingine kabisa zenye prosesa nyingine, usije ukaangalia maelezo ya hii ukanunua ile.

Kilichonisumbua ni RAM, ile memori ambayo simu inafanyia kazi wakati apu zimefunguliwa. Madukani pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kuna vibango vimeandikwa 8GB RAM, 12GB RAM, unafurahi, kumbe simu ni ya 4GB halafu nyingine ni ya kuazima kutoka kwenye storeji. Yaani simu inachukua sehemu ya nafasi ya kuhifadhia vitu inaifanya ijifanye RAM, na ile nafasi ina spidi ndogo kuliko RAM yenyewe, halafu ukiiwasha nafasi yako ya picha inapungua. Kwa mtu kama mdogo wangu anayelilia nafasi hiyo ni hasara. Ukikuta kibango cha hivyo muulize muuzaji, kaka, RAM yenyewe ya ndani ni ngapi? Wengi wakiulizwa moja kwa moja wanasema ukweli.

Tuje kwenye storeji sasa maana hapa ndo nilipolala macho. A06 ya chini inaanza na GB 64, 14C ya chini inaanza na GB 128. Kwa bei nilizopewa wiki ile, A06 ya 64 na 14C ya 128 zilikuwa zimepishana elfu kumi tu, na A06 ya 128 ilikuwa inavuka bajeti yangu. Mtu atasema si unaweka memori kadi, ndugu yangu, WhatsApp kwenye Android inahifadhi picha na video zake kwenye storeji ya ndani, huwezi kuiambia ihamie kwenye kadi. Kadi utahamishia picha ulizopiga na nyimbo, lakini yale mavideo ya magrupu ya kanisa, ya kikoba, ya mtaa, ya mishono, yote yanarundikana ndani. Na hiyo 64 usidhani unaipata yote, mfumo wa simu wenyewe unakula sehemu yake kubwa kabla hujaweka hata picha moja. Nilifungua setingi za A06 ya jirani, anatumia simu kawaida tu, hana biashara, na tayari ule mstari wa storeji ulikuwa umepita nusu. Nikamfikiria mdogo wangu na picha zake arobaini kwa siku.

Nikasema sawa, kamera je? Maana ndo ofisi yake. Zote zina megapikseli 50 nyuma. Nikachukua kipande cha satini nyeusi na kitenge chenye maua madogo madogo, nikavitandika kitandani karibu na dirisha saa nne asubuhi, nikapiga kwa simu zote mbili, pembe moja, umbali mmoja. Kwenye kitenge ilibidi nivute picha mpaka mwisho ndo nione tofauti, na ilikuwa ndogo, rangi za Samsung zimekolea zaidi kidogo na za Redmi ziko karibu zaidi na kitenge chenyewe. Kwa fundi hilo lina maana maana mteja akiona bluu kwenye picha akaletewa bluu nyingine ni ugomvi. Satini nyeusi zote zilionesha mikunjo vizuri. Jioni na taa ya chumbani zote mbili picha zikaanza chenga chenga, hiyo ni kawaida ya simu za bei hii, kwa hiyo mshono ukiisha usiku subiri asubuhi, toa gauni nje kivulini, futa lenzi kwa khanga, ndo upige.

Na hii watu wengi hawaijui, megapikseli 50 haziji zenyewe. Simu ikiwa kwenye picha ya kawaida inaunganisha pikseli nne nne inakupa picha ya kama megapikseli 12, ambayo inatosha kabisa na haili nafasi. Ukitaka zile 50 unaenda kuzichagua mwenyewe, na zinafaa mchana tu wakati unataka mteja aone shanga moja moja. Halafu ukituma WhatsApp tuma kwa HD au kama dokumenti, la sivyo inabanwa na kazi yako yote nzuri inapotea njiani.

Kamera ya mbele Redmi ana 13, Samsung ana 8. Mdogo wangu anavaa mishono yake mwenyewe anajipiga, kwa hiyo nikampa Redmi alama.

Kioo sasa. A06 ni inchi 6.7 na 14C ni inchi 6.88, kubwa jamani, ni kama daftari dogo. Zote ni HD+ tu, sio Full HD, kwa hiyo ukubwa wa Redmi hauongezi ukali wa picha, unaongeza nafasi ya kuona. Tofauti kubwa ni mtelezo, Redmi inachora kioo mpaka mara 120 kwa sekunde na Samsung mara 60. Ukishusha Instagram unaona kabisa, ya Redmi inateleza kama maji. Lakini ukiirudia Samsung baada ya nusu saa macho yanazoea, sio kitu cha kuuzia mtu simu. Uzito ndo nauweka mbele zaidi, A06 ni gramu 189 na 14C inapita 200, na ule urefu wake kwa mkono mdogo kidole gumba hakifiki juu. Kama unamnunulia mama mtu mzima anayeshika simu kwa mkono mmoja, mpe A06, kweli kabisa.

Chaji Samsung yuko mbele, anapokea wati 25, Redmi wati 18. Betri ni mAh 5000 kwa 5160, hazijapishana. Kwa anayekaa sehemu umeme unakatika katika, zile wati zina kazi, umeme ukirudi saa moja tu unapata kitu cha maana. Ila boksi la A06 nililooneshwa lilikuwa na waya tu, kichwa cha chaja unanunua mwenyewe, na ukinunua cha barabarani cha elfu tano hiyo 25 hutaiona. Kwa Redmi fungua boksi mbele ya muuzaji uone kichwa cha chaja kimo au hakimo.

Samsung pia wameahidi A06 matoleo mapya mawili ya Android na masasisho ya ulinzi kwa miaka minne. Kwa mtu ambaye simu yake ndo benki, hilo sio dogo, na kama mdogo wangu angekuwa hapigi picha ningeishia hapo hapo. Redmi nayo inajulikana kwa kuonesha matangazo kwenye baadhi ya apu zake, yanazimika kwenye setingi, nilikaa na ya shemeji kama dakika kumi na tano nikazima moja moja.

Nikachukua Redmi 14C ya 128. Nafasi ndo ilikuwa shida iliyonitoa nyumbani, na nafasi ndo nimeinunua.

Kununua kwenyewe nilikuwa makini maana niliwahi kuumia, miaka ya nyuma nilichukua simu kwenye duka moja boksi limefungwa na nailoni yake, kufika nyumbani namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa kila simu, ya kwenye boksi sio ya kwenye simu, kurudi kesho yake naambiwa hatukukuuzia sisi. Safari hii nilisimama pale pale kaunta nikabonyeza *#06#, nikalinganisha namba na za kwenye boksi tarakimu kwa tarakimu, nikaituma kwa meseji kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu, jibu likaja na aina ya simu, nikaona sawa. Kijana wa dukani akawa ananiambia dada unachelewa bure, hii ni orijino, nikamwambia kaka nivumilie tu. Nikaingia setingi nikaangalia storeji inasoma 128 kweli, nikapiga picha, nikaweka laini nikapiga simu, risiti ikaandikwa IMEI, kadi ya dhamana ikagongwa muhuri. Ndo nikatoa hela.

Kava na protekta nilinunua hapo hapo maana kioo kikubwa hivi kikianguka kwenye sakafu ya kibandani ni majonzi. Nikaiweka kwenye basi la Moro asubuhi, jioni ananitumia picha ya gauni la kijani la lesi, nimelivuta mpaka nimeona mshono wa zipu. Daftari la vipimo ameshalipiga picha upya ukurasa kwa ukurasa. Mwisho wa mwezi namtumia memori kadi ya 64, hizo picha za vipimo zikae na huko pia.