Uzoefu wangu na wakili wa utetezi katika kesi ya mirungi

Wakili niliyemlipa kumtetea mdogo wangu si mzungumzaji, na kwa kesi ya dawa za kulevya naiona hiyo kuwa sifa. Naandika tathmini hii kwa sababu ndugu wengi wa washtakiwa wanatafuta mtu wa kupaza sauti mahakamani au mtu anayejuana na wakubwa, wakati kazi niliyoiona ikizaa matunda ilikuwa ni kusoma karatasi moja baada ya nyingine na kulinganisha tarehe, saini na majina.

Mdogo wangu alikuwa utingo wa Fuso lililokamatwa mkoani Kilimanjaro likiwa na magunia ya mahindi, na chini ya mahindi hayo viroba vya mirungi. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, mirungi, wanayoiita miraa, ni zao la biashara linalouzwa hadharani, lakini kwetu Tanzania Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaiweka mirungi kundi moja na bhangi, na anayetiwa hatiani kwa kuisafirisha anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 au, uzito ukiwa mkubwa zaidi, kifungo cha maisha. Uzito uliotajwa kwenye hati ya mashtaka ulikuwa umevuka kiwango kinachoruhusu dhamana, kwa hiyo yeye na dereva walipelekwa mahabusu, gereza la Karanga, tangu waliposomewa shtaka.

Kabla ya kumpata wakili huyu, mtu mmoja aliyevaa suti alimfuata mama nje ya mahakama, akajitambulisha kuwa ni wakili na kudai fedha taslimu za "kulainisha mambo" kabla ya jioni. Tuliliangalia jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye orodha ya mawakili, hatukuliona, na tukaachana naye hapo hapo. Nawashauri wengine wafanye hivyo kabla ya kutoa hata nauli, kwa sababu vishoka wanajua kwamba familia iliyopatwa na kesi isiyo na dhamana haina utulivu wa kuuliza maswali. Wakili tuliyemchukua tulimkuta kwenye mfumo huo, leseni yake ikiwa hai, na kitu cha kwanza alichotupa ni mkataba ulioandikwa, wenye ada ya hatua ya mahakama ya chini, ada nyingine ya Mahakama Kuu, na sharti kwamba rufaa ni kazi mpya yenye malipo yake. Kila tulipolipa tulipata risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Mama alipomuuliza kama kijana atatoka, alijibu kwamba hilo hawezi kuliahidi, jambo ambalo lilimuudhi sana mama lakini mimi lilinipa imani.

Hatua ya mwanzo ni ya kuchosha, na hakuna wakili anayeweza kuifuta. Kosa la aina hii huendeshwa kama kesi ya uhujumu uchumi, hivyo hakimu alimwambia mdogo wangu asijibu chochote kwa kuwa mahakama yake haikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, na kuanzia hapo kesi ikawa inatajwa na kuahirishwa kwa maelezo kwamba upelelezi haujakamilika. Wakili alitumia muda huo kwenda Karanga kumhoji mteja wake akiwa peke yake, bila sisi, na alikataa katakata kutusimulia walichozungumza. Alituelewesha pia kuhusu makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu ulioingizwa katika sheria zetu mwaka 2019, kwamba mazungumzo hufanywa na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, kwamba si kila kesi ya dawa za kulevya inaruhusiwa kuingia humo, na kwamba anayeamua kukiri ni mshtakiwa mwenyewe. Mama alitaka kijana akiri ili yaishe. Kijana alisema hakujua kilichokuwa chini ya mahindi, na wakili akaufuata msimamo wa kijana.

Uwezo wake niliuona siku walipowasomea washtakiwa maelezo ya mashahidi na vielelezo, kabla ya kesi kuhamishiwa Mahakama Kuu. Kwa sisi wasikilizaji ilikuwa siku ndefu ya kusomewa makaratasi, lakini yeye aliandika muda wote, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, shahidi au kielelezo ambacho hakikutajwa siku hiyo hakiwezi kuibuka tu Mahakama Kuu bila upande wa mashtaka kutoa taarifa kwanza. Aliomba nakala zote na kuzipanga kwa tarehe. Humo aligundua kwamba maelezo ya onyo ya mdogo wangu, yaani yale aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa, yaliandikwa baada ya muda wa saa nne tangu kukamatwa, unaotajwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kupita, bila kumbukumbu yoyote ya kuongezewa muda. Huko Mahakama Kuu, ilipofika zamu ya kielelezo hicho, alipinga kisipokelewe, ikafanyika kesi ndogo ndani ya kesi, na maelezo hayo yakakataliwa.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Mirungi ni majani, hunyauka, na kiroba kimoja kinafanana na kingine, kwa hiyo lazima ijulikane nani alikamata, nani alitunza, nani alipeleka na nani alipokea. Wakili alikuwa akirejea uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ya Paulo Maduka na wenzake, unaotaka mfululizo wa kumbukumbu kuanzia kielelezo kinapokamatwa hadi kinapofikishwa mahakamani. Alijua pia kwamba maamuzi ya baadaye yamelegeza sharti hilo kwa vitu visivyobadilika kirahisi, na alijiandaa kueleza kwa nini majani hayamo katika vitu hivyo.

Sampuli zilipelekwa Arusha, kwenye ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Alipokuwa akimhoji askari mtunza vielelezo, alimpa karatasi mbili: barua iliyosindikiza sampuli kutoka kituoni, na fomu ya kuzipokea maabara. "Shahidi, naomba umsomee Mheshimiwa Jaji jina la aliyekabidhiwa sampuli kwenye barua." Askari akasoma. "Na jina la aliyezifikisha maabara?" Akasoma jina jingine. Wakili akauliza kama kuna hati inayoonyesha wa kwanza alimkabidhi wa pili, askari akajibu kwamba hana, naye akakaa. Nilitegemea ataendelea kumbana, kumbe kwa kukaa mapema alimnyima shahidi nafasi ya kutafuta maelezo, na wakili wa serikali aliposimama kumuuliza upya hakupata cha kuziba pengo lile.

Mapungufu yapo. Simu hapokei, hata ukipiga mchana kutwa, na taarifa zake ni ujumbe mfupi wa tarehe inayofuata tu. Kesi ilipokuwa ikitajwa alituma wakili mwingine wa ofisini kwake bila kutuarifu, jambo ambalo lingemalizwa na ujumbe wa mstari mmoja. Majumuisho yake ya mwisho aliyaandika kwa Kiingereza, ingawa tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na ilibidi niende ofisini anifafanulie aya kwa aya ili nijue nililipia nini. Alinifafanulia vizuri, lakini nadhani mteja hapaswi kuliomba hilo.

Jaji aliona kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kuwa majani yaliyopimwa Arusha ndiyo yaliyokamatwa kwenye Fuso, na akawaachia huru wote wawili, dereva akinufaika na hoja ambayo wakili wake mwenyewe hakuigusa. Tulipoanza kushangilia kwenye korido, wakili wetu alituambia kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka ana siku 30 za kutoa kusudio la kukata rufaa, na akamtaka mdogo wangu asihame wala asibadilishe namba ya simu. Muda huo ulipita bila rufaa. Baadaye aliandika barua ya kuomba simu na kitambulisho vilivyochukuliwa siku ya ukamataji, vikarudi, na hakutudai chochote kwa kazi hiyo. Kwa kesi inayotegemea vielelezo na hati nitampeleka mtu kwake bila kusita, mradi mtu huyo awe tayari kumfuata ofisini badala ya kungoja apokee simu.