Kupatwa kwa jua na kupatwa kwa mwezi

Jua linapopatwa, mwezi ndio mkorofi: hupita kati yake na dunia, na kivuli chake chembamba huangukia ukanda mdogo tu. Giza kamili halifiki dakika 8 mahali pamoja. Kabla na baada yake, miwani maalumu ni lazima. Mwezi unapopatwa, dunia ndiyo inayokinga mwanga. Hutokea mwezi ukiwa mpevu, na kila aliye upande wa usiku huuona kwa macho matupu, mawingu yakiruhusu. Haupotei, huwa mwekundu, kwani angahewa yetu hupindisha mwanga mwekundu ukaufikia. Mimi napenda huu, hauna haraka: waweza kuzidi saa nzima. Mbona havitokei kila mwezi? Njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi, basi vivuli mara nyingi hukosa shabaha.