TAHADHARI: Viatu "vya tiba" vinavyouzwa eti vinazuia kifundo kuteguka

Jamani, kuna watu wanauza mtandaoni viatu vya kutembelea wanavyoviita "viatu vya daktari". Kutaja jina la ukurasa hakusaidii, wameshalibadilisha tangu mama mdogo anunue; picha ndizo zilezile. Kwenye tangazo kuna mwanamume wa koti jeupe ameshika mifupa ya mguu ya plastiki, anaapa kwamba kiatu "kinafunga kifundo" na ukishakivaa hutateguka tena. Mama mdogo kifundo chake cha kulia kilishateguka zamani, na mpaka leo akikanyaga kijiwe tu kinageuka. Mtu wa hali hiyo ndiye wanayemvizia.

Kwanza wanakutoa kwenye soko la mtandaoni ambako malipo yana ulinzi, wanakuingiza inboksi, wanakwambia ukilipa moja kwa moja kuna punguzo. Ukilipa hivyo, huna pa kudai. Wanakutumia na "cheti" chenye muhuri kuonyesha kwamba wamesajiliwa na FDA, ile mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa. Lijueni hili: FDA haitoi vyeti vya usajili wa vifaa tiba, na kampuni kusajiliwa kwake si kuthibitishwa kwamba bidhaa inafanya kazi. Mtu akikuonyesha cheti cha namna hiyo, ameshakujibu swali lako.

Viatu vilipofika nilivishika mwenyewe. Sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino niliibonyeza kwa dole gumba, ikalala. Nikakamata ncha kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine nikakamua, kiatu kikajisokota kama nguo mbichi. Nikakikunja, kikapinda katikati ya unyayo. Mguu wa binadamu haupindi hapo unapotembea, unapinda kwenye shina la vidole, na kiatu cha maana kinapinda hapohapo. Kwenye ulimi kulikuwa na stika ya saizi. Pembe yake ilikuwa imenyanyuka, nikaibandua, na chini yake kulikuwa na saizi nyingine, ndogo zaidi. Ndiyo maana vidole vya mama mdogo vilikuwa vinagonga mbele.

Alipolalamika wakamwambia avumilie wiki tatu, "mguu unazoea tiba". Huo ndio ujanja niliouona mbaya kuliko yote, kwa sababu muda wao wa kurudisha bidhaa ni siku kumi na nne. Kiatu cha kutembelea kinatakiwa kikae vizuri tangu hatua ya kwanza. Kikikubana dukani, kitakubana na barabarani.

Kabla hata ya hizo wiki tatu akateguka tena, kwenye ngazi, akiwa amevivaa. Kifundo kikavimba, akawaandikia. Jibu lao: "kifundo kinajirekebisha, endelea kuvaa." Hapa sasa tumetoka kwenye wizi wa pesa. Madaktari wana kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, za kuamua nani apigwe eksirei baada ya kuumia kifundo. Kwa ufupi, kama huwezi kutembea hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo wenyewe, kwenye ncha yake au ukingo wake wa nyuma, unauma, nenda kapigwe picha. Muuza viatu hana la kukushauri hapo. Mama mdogo tulimpeleka. Mfupa haukuwa umevunjika, ashukuriwe Mungu.

Tuseme kweli kuhusu hiyo ahadi yenyewe. Mara nyingi mtu anateguka pale unyayo unapogeukia ndani, uzito wote ukaangukia upande wa nje, na kano za upande huo zikavutika au kuchanika. Raba ya kawaida inaishia chini ya kifundo. Inafunga nini? Hata buti zenye shingo ndefu, tafiti hazijakubaliana kwamba zinazuia. Kinachojulikana ni kwamba aliyewahi kuteguka ndiye aliye rahisi kuteguka tena, na kwamba mazoezi ya kusimamia mguu mmoja na kifaa cha kubana kifundo hupunguza kurudia. Mazoezi hayo unayafanya karibu na ukuta bila kumlipa mtu. Ukipata mtaalamu wa fiziotherapia wa kukuelekeza, bora zaidi.

Wala msidhani ni vijikurasa vya mitaani tu vinavyotia chumvi. Mwaka 2011 Reebok ilikubali kulipa dola milioni 25, na 2012 Skechers dola milioni 40, kumaliza madai ya tume ya biashara ya Marekani kuhusu viatu vilivyotangazwa kwamba vinakaza misuli ya miguu na makalio kwa kutembea tu. Ikiwa majina makubwa yalibanwa kwa maneno ya kwenye tangazo, huyu wa inboksi atakuwa anasema kweli?

Sisemi viatu havina maana. Kiatu kizuri hakikuahidi muujiza, kinakupa mahali pa kukanyaga panapoeleweka. Nyuma pawe pagumu, soli iwe pana na isijisokote, kisigino kisicheze ukitembea, na kamba zifungwe mpaka juu (wengi tunaziacha legelege halafu tunalaumu kiatu). Jaribu jioni, maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Vaa soksi utakazotembelea, pima miguu yote miwili, na ununue kwa kufuata ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Sponji nene na laini sana inavutia ukiikanyaga dukani, lakini kwa mwenye kifundo legevu mimi siipendi: mguu unakaa juu na unayumba.

Kingine cha kuangalia ni umri wa kiatu. Soli za poliuretani (aina ya plastiki) huharibiwa na unyevunyevu wa hewani hata kama kiatu hakijavaliwa, zikipita miaka stoo zinaanza kumung'unyuka. Wajanja wanachukua mzigo wa namna hiyo, wanapaka rangi na kuweka gundi mpya, kisha wanauza kama vipya. Bonyeza pembeni mwa soli kwa ukucha. Ukiona nyufa ndogondogo au unga unabaki kidoleni, rudisha. Na kama ni vyako vya zamani na kisigino kimeliwa upande mmoja, usiendelee kuvitembelea, mguu unaanza safari ukiwa tayari umeinama.

Kwa mliokwisha kulipa: pigeni picha ya skrini ya tangazo lenye ile ahadi, mazungumzo yote, risiti ya malipo na stika mbili za saizi, leo, maana wakihisi mnadai wanafuta na kukufungia. Kisha mpigie benki au kampuni ya malipo uliyotumia uombe muamala upingwe. Wanapokea madai kwa muda maalumu tu, na yule muuzaji analijua hilo vizuri, ndiyo maana anakwambia uvumilie. Anayetaka picha za stika alizobandika kwetu aniandikie, nitamtumia alinganishe na zake.