Vespa ya zamani: platini au CDI?

Ukifufua Vespa ya miaka ya 1960 uani kwako Kirumba, Mwanza, swali halikwepeki: cheche ya plagi itokane na platini, yaani ncha za chuma zinazofunguka na kujifunga, au CDI, mfumo wa kielektroniki usio na ncha hizo?

Kwa bei, platini inashinda: unanunua platini na kondensa (kifaa kinachozuia ncha zisiungue), basi. CDI inataka sahani ya koili, boksi la kielektroniki na magneti yake (gurudumu la sumaku linalozunguka na injini), na magneti hiyo isipolingana na koni ya krenki, yaani ncha ya shafti ya injini, itapwaya hadi ikate kii, kipande kidogo cha chuma kinachoizuia isiteleze. Tena seti nyingi za CDI hutoa volti 12, kwa hiyo balbu zako za volti 6 zote zinabadilishwa.

Uhakika ni habari nyingine. Pikipiki ikilala wiki kadhaa, unyevu wa ziwani hufifisha ncha za platini; unapiga kiki mpaka goti linalia. Pitisha msasa laini, futa kwa petroli, weka mwanya wa 0.4 mm kwa fila (bati la kupimia mwanya). Ncha zikiungua upesi, shuku kondensa kwanza.

CDI haina ncha za kulika, ila ngozi ya nyaya za pikapu (kihisi kinacholiambia boksi lini litoe cheche) hupasuka kwa joto, na boksi likifa ni kulibadilisha tu.

Wa kwenda Igoma kila siku, CDI itamfaa. Wa Jumapili anayependa uasilia abaki na platini, na kondensa ya akiba chini ya kiti.