Maswali ya ugawanyikaji: uchambue vigawo tasa au ujaribishe namba?

Chukua swali la aina hii: n inagawanyika kwa 12 na kwa 18 bila baki. Je, ni lazima igawanyike kwa 24?

Anayejaribisha namba huenda akaanza na 72. Inakubali. Akijaribu 144, inakubali tena, naye anajibu ndiyo. Amekosa, kwa sababu hakufika kwenye 36. Anayechambua vigawo tasa, yaani anayeivunja namba kuwa namba tasa zinazozidishwa, anaandika 12 = 2×2×3 na 18 = 2×3×3, kisha anaona kwamba n ina uhakika wa 2 mbili na 3 mbili tu. 24 inadai 2 tatu. Jibu ni hapana.

Kwa uhakika, basi, neno "lazima" ni la vigawo tasa. Hata idadi ya vigawo vyote vya 360 hupatikana upesi: 360 = 2³×3²×5, kisha unaongeza 1 kwenye kila kipeo (3, 2 na 1) na kuzidisha, yaani 4×3×2 = 24. Kuviorodhesha kimoja kimoja ni kupoteza dakika.

Lakini swali likiuliza "inaweza kuwa", mfano mmoja unatosha, na kujaribisha kunashinda kwa muda. Vilevile namba kama 2021 inachosha kuichambua, maana vigawo vyake tasa ni 43 na 47.

Kuhusu maandalizi, kujaribisha hakudai mengi. Uchambuzi unataka mazoezi ya mara kwa mara. Mtihani ukiwa kesho, jaribisha, ila anza na namba ndogo kabisa inayotimiza masharti. Ukiwa na wiki kadhaa, ningekusihi ujizoeze kuchambua.